Hesabu Vitanda Kabla ya Madirisha: Mhadhara Kuhusu Kabini ya Familia Melini

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, hamjambo. Nimepewa nusu saa nizungumzie safari za meli, na nusu saa haitoshi hata kutaja bandari. Kwa hiyo nimechagua kona moja tu: kabini. Hapa Houston tupo kilomita 80 hivi kutoka bandari ya Galveston, na kila likizo ya shule inapokaribia simu yangu haipoi. Swali la kwanza karibu kila mara ni lilelile: yenye dirisha la bahari shilingi ngapi? Yaani dola ngapi, mazoea hayaishi. Ni mara chache mtu anaanza kwa kuniambia watalala wangapi, nani bado anavaa nepi, nani anakoroma. Mimi nawaombeni mfuate mpangilio mwingine: vitanda kwanza, choo kifuate, dirisha mwisho kabisa.

Tuanze na kinachouzwa. Kabini ziko za aina nne. Ya ndani haina dirisha. Ya pili ina dirisha la bahari, na mjue dirisha hilo halifunguki. Ya tatu ina roshani, unafungua mlango unatoka nje kupigwa na upepo. Ya nne ni suti, yaani kabini kubwa ya kifahari. Bei hupanda kwa mpangilio huohuo. Katikati hapo kampuni zimeingiza ubunifu wao. Royal Caribbean, tangu meli yake ya Voyager of the Seas ya mwaka 1999, ina kabini za ndani zenye dirisha linalotazama mtaa wa maduka uliomo melini humohumo. Mwaka 2009 Oasis of the Seas ikaja na roshani zinazotazama bustani ya miti halisi katikati ya meli. Disney Dream ya 2011 iliweka skrini ya duara ukutani mwa kabini za ndani, inaonyesha bahari ilivyo nje wakati huohuo, na mara mojamoja katuni hupita humo. Kuna watoto wanaopenda ile skrini kuliko dirisha la kweli, na wazazi wao wamelipa kidogo.

Sasa ukubwa. Kabini ya kawaida, ya ndani au yenye roshani, inachezea kwenye mita za mraba 15 hadi 17, choo na bafu vikiwa ndani ya hesabu hiyo. Mle kuna vitanda viwili vinavyounganishwa kuwa kimoja kikubwa. Mtu wa tatu analala kwenye kochi linalofunguliwa. Wa nne analala kwenye kitanda kinachoshushwa usiku kutoka darini, unapanda kwa ngazi. Picha za kwenye matangazo zimepigwa mchana, vitanda vimekunjwa, hakuna begi hata moja. Usiku vitanda vyote vikishafunguliwa, sakafu imekwisha. Anayetaka kwenda msalani saa nane za usiku anavuka miguu ya wenzake.

Kuna jambo huwa linaleta ubishi. Mtu ananiambia, "Sisi ni watano, lakini wa tano ni mtoto mchanga, atalala na mama yake." Haiwezekani, ndugu yangu. Idadi ya watu katika kabini haitokani na vitanda peke yake. Inafungamana na hesabu ya usalama, kwamba kila kabini imepangiwa kituo chake cha kukusanyika na boti yake ya uokoaji. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikutana London na mwaka 1914 yakatoa mkataba wa usalama wa watu baharini, ambao toleo lake la leo ndilo linaloongoza meli zote hizi. Mtoto wa miezi saba anahesabiwa kichwa kizima kama baba yake. Na asiyetimiza miezi sita, kampuni nyingi hazimpokei kabisa. Kwenye safari ndefu zenye siku nyingi mfululizo bila kugusa nchi kavu, wanataka awe ametimiza mwaka.

Kabini za watu watano na kuendelea zipo, ila ni chache. Sisi watu wa familia kubwa tunazigombea na Wamarekani wenye familia kubwa. Zinakwisha mapema kuliko suti.

Tuje kwenye bei, kwa sababu naona kuna watu wameshatoa kalamu. Nauli inayotangazwa ni ya mtu mmoja kwa kukadiria kwamba kabini ina watu wawili. Wa tatu na wa nne katika kabini hiyohiyo hulipa pungufu, wakati mwingine pungufu sana. Mtu akisafiri peke yake mara nyingi hulipa karibu nauli mbili. Tufanye mfano, namba ni za kubuni: wawili wa kwanza dola 700 kila mmoja, wa tatu na wa nne dola 350. Wanne kabini moja ni dola 2,100. Wanne hao ukiwagawa kabini mbili ni 2,800. Tofauti dola 700. Hapo watu wengi hufunga mjadala: moja inatosha, tutabanana.

Naomba tusifunge haraka. Ile 700 imekununulia nini? Choo cha pili na bafu la pili. Fikirieni jioni ya kuvaa vizuri, wote mmerudi kutoka ufukweni Cozumel, kisiwa cha Meksiko, na mchanga mwilini, chakula cha jioni ni saa kumi na mbili kamili, na bafu ni moja, lile la pazia linalokung'ang'ania mgongoni. Mabinti wawili wenye nywele za kusuka na kufumua wamo humo. Imekununulia pia mlango wa kufunga, wazazi wakae wazungumze baada ya watoto kulala badala ya kukaa gizani saa tatu usiku. Kampuni ya Disney ililiona hili tangu Disney Magic ya 1998: kabini zake nyingi zina vyumba viwili vya maji, kimoja choo na sinki, kingine bafu na sinki. Nauli yao nayo inajua kwamba wameliona.

Na kabini mbili si lazima ziwe za daraja moja. Chukueni kabini mbili za ndani zilizo pamoja, mlinganishe na moja yenye roshani ya watu wanne. Mara nyingine zile mbili zinakaribia bei au zinashuka chini yake. Au wazazi wachukue yenye roshani na vijana wakae ya ndani ng'ambo ya korido. Kijana wa miaka kumi na sita anahitaji giza na mahali pa kuchaji simu. Bahari ataiona akiamka saa sita mchana.

Ila kwenye kabini mbili kuna kanuni ya umri. Royal Caribbean, kwa safari zinazoanzia Marekani, inataka kila kabini iwe na mtu wa miaka 21 au zaidi; mzazi anaruhusiwa kuwaweka watoto wake kabini ya jirani. Kampuni nyingine zina masharti yao, na wengi huandikisha mzazi mmoja kila kabini kwenye makaratasi, kisha ndani wanalala wanavyojua wenyewe. Mkitaka mlango wa kupita kati ya kabini mbili bila kutoka koridoni, sema hivyo wazi wakati wa kukata tiketi. Kabini zilizo jirani si lazima ziwe na mlango huo. Na ukipewa yenye mlango huo huku jirani si wa kwako, utasikia kila anachosema.

Kuhusu roshani watu wananishangaa. Wanadhani ni kitu cha maharusi. Mimi mtu ninayemsukuma hasa aongeze pesa achukue roshani ni mzazi wa mtoto anayelala mchana. Tazameni siku yake. Mtoto wa nepi haruhusiwi kwenye mabwawa makubwa ya kuogelea, hata akivaa nepi ya kuogelea. Ni kanuni za afya za meli zinazotoka Marekani. Anacheza kidogo sehemu ya maji ya watoto wadogo, kisha saa saba mchana usingizi unamchukua, mpaka saa tisa. Mmoja wenu lazima abaki. Kwenye kabini ya ndani unabaki gizani, taa imezimwa, unatazama simu isiyo na mtandao. Kwenye roshani unakaa na chai yako, mtoto unamwona kupitia kioo. Siku saba, saa mbili kila siku, mnaweza kujua wenyewe kama pesa imekwenda bure.

Mama mmoja ananyoosha mkono, na swali lake nalijua: je, mtoto asipande? Kingo za roshani ziko juu na mlango ni mzito, una komeo. Hatari ni viti na meza. Mtoto husogeza kiti hadi kwenye ukingo, akapanda. Siku ya kwanza mwombe mhudumu wa kabini atoe viti vya ziada, na mkiwa ndani komeo liwe limefungwa. Kama una mtoto wa miaka mitatu asiyetulia hata dakika, na roho yako haitatulia, chukua ya ndani na usione aibu. Giza la kabini ya ndani lina faida yake pia: watoto wanalala mpaka saa mbili asubuhi. Wanaoogopa giza, washa televisheni kwenye chaneli ya kamera ya omo, yaani mbele ya meli, zima sauti. Usiku ni nyeusi tu, alfajiri inapambazuka ukutani.

Sasa mahali. Meli kama Allure of the Seas, iliyozindua gati jipya la Galveston mwezi Novemba 2022, urefu wake unapita mita 360. Kabini ya tezi, yaani nyuma ya meli, na ile ya katikati ni vitu viwili tofauti. Aliyewahi kwenda Pemba kwa boti akapita mkondo wa Nungwi anajua viti vya mbele vinavyofanya kazi: vinapanda na kushuka, na mifuko inagawiwa. Meli kubwa inatikisika kidogo kuliko boti, lakini kanuni ni ileile. Katikati na chini ndiko kunakotulia. Juu na omoni ndiko kunakoyumba. Likizo kubwa ya shule inaangukia msimu wa vimbunga, Juni mpaka Novemba. Nahodha atabadili njia kukikwepa kimbunga, ila mawimbi yake yanasafiri mbali. Mwenye kuchafukwa na moyo asinunue kabini ya juu kabisa kwa sababu ina mandhari.

Kisha ramani ya sitaha, yaani ghorofa za meli. Usiangalie namba ya kabini tu, angalia kilicho juu yake na chini yake. Chini ya sitaha ya bwawa, wafanyakazi wanaburuta viti kabla ya jua kuchomoza. Juu ya ukumbi wa disko mnajua wenyewe. Omoni chini, meli ikifunga gati alfajiri, mashine za kuisukuma pembeni zinatetemesha kitanda. Kabini nzuri ina kabini juu na kabini chini. Na dirisha la bei nafuu kupita kiasi, uliza kama mbele yake haijaning'inizwa boti ya uokoaji.

Bibi na babu. Msiwape kabini ya mbali na lifti ili mpate ukimya. Kelele kidogo za lifti watazivumilia, mita mia mbili za korido hawataziweza. Kama mzee anatumia kiti cha magurudumu, kuna kabini zenye milango mipana, bafu lisilo na kizingiti na vyuma vya kushikilia. Hapa pana historia yetu ya Texas. Abiria wenye ulemavu waliopanda meli hapahapa Houston mwaka 1998 na 1999 walishitaki kampuni ya meli, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2005 mahakama ikaamua kwamba sheria ya haki za watu wenye ulemavu inazigusa pia meli zenye bendera za kigeni zikiwa kwenye maji ya Marekani, ingawa si kwa kila kitu. Kabini hizi ni pana, na wapo wanaozitamani kwa upana wake. Mwachieni mwenye shida nazo.

Vidogo vilivyobaki nivikimbize. Bakshishi inatozwa kwa kichwa kwa siku, na kwa sehemu kubwa watoto wamo. Tuseme dola 18, watu watano, siku saba, hiyo ni dola 630 isiyokuwa kwenye tangazo. "Watoto bure" haimaanishi ushuru wa bandari bure. Pasi ya nguo na birika la umeme acheni nyumbani, hata ekstensheni zenye kinga ya umeme. Watavichukua mlangoni kwa sababu ya moto. Sufuria ya umeme ya kupikia wali pia, naona kuna mtu anacheka.

Swali la mwisho limetoka kwa mzee pale: kuswali. Kabini ya watu wawili ina nafasi ya mswala mmoja kati ya kitanda na kochi, miwili ukisogeza meza. Kibla kutoka huku Ghuba ya Meksiko ni upande wa kaskazini-mashariki, lakini meli inageuka. Televisheni ya kabini ina chaneli ya ramani inayoonyesha meli imeelekea wapi. Tazama kila wakati wa swala unapoingia.

Na huyu dada anauliza kuhusu zile barua pepe za kampuni, za kukutaka utaje bei upandishwe daraja. Kwa wawili, jaribuni. Kwa familia yenye kabini mbili za mlango wa kupita, msibonyeze. Kila kabini inashindaniwa peke yake: mnaweza kushinda moja, mkakuta wazazi wako sitaha ya 11 na watoto sitaha ya 7. Hiyo hiyo kwa tiketi nafuu ambayo kampuni ndiyo inayokuchagulia kabini. Lipeni zaidi kidogo, mchague namba zenu wenyewe, na mzichague wakati ramani bado ina nafasi. Kwa likizo ya Machi, hiyo ni sasa.