Urithi kwenye programu ulianzia kwenye foleni ya malori

Haya jamani tukae, walio nyuma sogeeni mbele maana hii maiki inakatakata. Leo ni urithi, yaani pale unapoandika extends kwenye lugha ya programu ya Java, klasi mpya (klasi ni kama kiolezo cha kutengenezea vitu) inapata karibu kila kitu cha ile ya zamani.

Wengi mmefundishwa kwa mbwa na paka, mbwa ni mnyama, paka ni mnyama, ila chimbuko lenyewe halina mbwa wala paka. Ni Oslo, Norwe, miaka ya 60, watafiti Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl wana lugha yao ya programu, Simula, ya kuigiza mambo kama foleni, sasa wakawa wanaumiza kichwa na mfano wa daraja lenye kibanda cha kulipia, kuna malori, mabasi, magari madogo, yote yanapanga foleni, yote yanalipa, lakini lori lina mzigo na basi lina abiria, so mambo ya foleni utayaandika mara tatu? Wazo la kuyaandika mara moja tu likaja mwishoni mwa 1966, likaingia kwenye toleo jipya, Simula 67.

Na wala hawakuita urithi. Walisema ni kutanguliza: chukua kipande cha gari, chenye yale mambo ya foleni, kiweke mbele ya kipande cha lori, viungane viwe kitu kimoja. Kwenye Simula hata jina la klasi mama, ile inayorithiwa, linaandikwa kabla ya neno klasi lenyewe. Hilo neno klasi nalo wanadaiwa na Tony Hoare, mtaalamu wa kompyuta wa Uingereza aliyefundisha mambo ya rekodi na klasi zake huko Ufaransa 1966. Urithi lilishika baadaye.

Mi naipenda ile picha ya kwanza, inakuonyesha lori limebeba gari zima ndani yake, so ukigusa klasi ya gari umegusa malori yote na mabasi yote. Bjarne Stroustrup, aliyeitumia Simula kabla ya kuanza 1979 kazi iliyozaa lugha ya C++, aliona majina klasi ya juu (mama) na klasi ya chini (inayorithi) yanachanganya watu, maana hiyo ya chini ndo yenye vitu vingi zaidi, akachagua kusema klasi ya msingi na klasi iliyotokana nayo.

Kabla hujarithi jiulize, hiki kweli ni aina ya kile, au nakwepa tu kuandika? Nimeona klasi ya mteja imerithi klasi ya databesi, eti kisa inataka kusevu. Sasa mteja ni aina ya databesi? Mpe databesi aitumie, basi.

Haya maswali, dada wa kofia anza.