Jumamosi kwa Miguu: Feri, Askari, Kariakoo

[Muziki unashuka]

ZUHURA: Habari za saa hizi wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi ni Zuhura, na pembeni yangu yupo mdogo wangu Method. Shikamoo yangu sijaisikia leo.

METHOD: Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba. Leo hatuna mgeni studio, tuna safari ya kusimulia. Jumamosi iliyopita tulitoka watano kuutembea mji wa Dar es Salaam tangu alfajiri mpaka magharibi. Mimi, Method, marafiki zetu wawili wa Mbagala, na dada yetu mmoja kutoka Mwanza. Huyo ndiyo mara yake ya kwanza kufika Dar kwa kutembea. Siku zote anakuja kwa shughuli, anashuka stendi ya mabasi ya Magufuli pale, anamaliza shida zake, anageuza.

METHOD: Na mimi niseme ukweli wangu. Nimekaa mji huu miaka tisa, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia Makumbusho ya Taifa. Miaka tisa napita Posta kila siku ya kazi.

ZUHURA: Mko wengi. Ndiyo maana nilitaka tuanze mapema na tutumie miguu. Tulipanda mwendokasi kutoka Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukashukia mwisho kabisa, Kivukoni.

METHOD: Harufu ya Feri inakupokea kabla hujashuka kwenye basi.

ZUHURA: Soko la samaki ukifika saa nne umechelewa, samaki wazuri wameshakwenda. Sisi tulikuta mnada umechanganya. Waeleze wasikilizaji.

METHOD: Samaki wamemwagwa kwenye meza za vigae, kila fungu na dalali wake. Tukasimama kwa dalali mmoja, sauti imeshakauka, mbele yake jodari mmoja mkubwa na changu wa kutosha. Anataja bei haraka haraka, wanunuzi wamemzunguka, na mimi sielewi nani ananunua kwa sababu hakuna anayesema kitu! Mpaka nikamwona mama mmoja wa makamo, kanga kajifunga kiunoni, ndoo iko chini kati ya miguu. Hasemi neno. Kila bei ikipanda anainua kidole cha shahada, kidogo tu, hivi. Kidole kikishuka, basi, amejitoa. Alimchukua yule jodari bila kufungua mdomo.

ZUHURA: Yule anajulikana na madalali wote pale. Ana wateja wake wa kukaanga.

METHOD: Nasi tukaenda upande wa kukaanga tukala ngisi na vibua vya moto, ndimu na chumvi. Sijawahi kula ngisi laini vile.

ZUHURA: Kwa sababu ameingia kwenye karai hajamaliza saa chache tangu atoke baharini. Haya, tusikae Feri mpaka kesho. Tukatembea taratibu, tukapita Bustani ya Mimea. Hiyo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kwa kujaribu mazao yao, leo imebaki kipande kidogo tu chenye kivuli kizito. Halafu Makumbusho, Mtaa wa Shaaban Robert.

METHOD: Mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani, Zinjanthropus, lile fuvu la zamadamu. Tulisoma shule ya msingi, tukakariri: Mary Leakey, Olduvai, mwaka 1959, miaka milioni moja na laki saba na nusu. Nilijibu mitihani mingapi! Kumbe fuvu lenyewe linatunzwa mjini humuhumu, mwendo wa dakika chache kutoka kituo ninachopandia basi.

ZUHURA: Na kule uani?

METHOD: Kule uani tulikaa kimya. Kuna ukumbusho wa shambulio la ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Watu kumi na mmoja walifariki hapa Dar. Rafiki yetu mmoja wa Mbagala alikuwa mtoto mdogo wakati ule, anasema anakumbuka mama yake alivyowakusanya ndani akafunga mlango.

ZUHURA: Mimi nilikuwa sekondari. Tuliachiwa mapema tukaenda nyumbani kwa miguu, daladala zote zimejaa.

METHOD: Tulipotoka pale ndipo tukaifuata Samora mpaka kwa Askari. Dada, hapa naomba tutulie.

ZUHURA: Tutulie. Wasikilizaji, ile sanamu ya shaba katikati ya mzunguko, makutano ya Samora na Azikiwe, wengi wetu tunaitumia kuelekezana njia tu. "Ukifika Askari kata kushoto." Pale zamani alisimama Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamwondoa. Mwaka 1927 wakamweka huyu, askari Mwafrika, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza.

METHOD: Ilibidi tuvuke barabara tufike pale chini tusome maandishi. Yapo ya Kiingereza, Kiarabu, na Kiswahili pia. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Na hayawataji askari peke yao. Yanawataja wapagazi, kwamba wao walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

ZUHURA: Kwa sababu vita ile huku kwetu haikuwa na malori ya kutosha wala reli ya kufika kila porini, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Risasi, unga, dawa, mahema, vyote vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Na waliokufa wengi hawakufa kwa risasi. Ni kuhara, malaria, njaa, na kuchoka. Sasa angalia sanamu yenyewe: askari mmoja, peke yake. Mpagazi hayupo. Ukienda Nairobi, kwenye ukumbusho kama huu ulioko Kenyatta Avenue, zipo sanamu tatu, na mmoja wao ni mpagazi. Wetu ana maandishi tu chini ya miguu ya mwenzake.

METHOD: Basi wakati dada Zuhura anatueleza haya, akafika kwenye jina la Kariakoo. Kwamba Waingereza jeshi lao la wapagazi waliliita Carrier Corps, na kambi yao hapa Dar ilikuwa kule. Waswahili wakalitamka wanavyolisikia, Kariakoo. Nikamwona dada yetu wa Mwanza amesimama, ameacha kupiga picha.

ZUHURA: Akaniambia, "Rudia hapo."

METHOD: Akasema kwao, huko Usukumani, babu yake huwa anamtaja baba yake mkubwa aliyeondoka akiwa kijana kabla babu hajazaliwa. Na kila anapomtaja husema hivi: "Alikwenda kariakoo, hakurudi." Yeye amekua na hadithi hiyo. Utoto wote alijua wana ndugu Dar es Salaam, mfanyabiashara, aliyekwenda sokoni akatajirika akawasahau.

ZUHURA: Na mama yake vilevile alijua hivyo.

METHOD: Familia nzima! Kuna shangazi yake alikuwa akimnung'unikia yule mzee kwamba alitelekeza wazazi wake. Miaka yote hiyo. Kumbe wazee walipotamka kariakoo hawakusema soko, walisema upagazi. Kwenda kariakoo ilikuwa kwenda kubeba mizigo ya vita.

ZUHURA: Usukumani walichukuliwa watu wengi sana mwaka 1916 na 1917. Hatuwezi kumthibitishia kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wake, lakini neno lenyewe, na umri, na ile "hakurudi", vinakwenda pamoja. Mimi hapo nilishindwa kuendelea na maelezo.

METHOD: Tukapita kanisa la Mtakatifu Yosefu, tukaingia Boma la Kale.

ZUHURA: Boma lile kuta zake ni matumbawe, limejengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid. Mlango wa nakshi uguse kwa mkono, uone jinsi chonga za yule fundi zilivyoingia ndani. Lakini dada yetu mawazo hayakuwa hapo. Akasema, "Nipelekeni Kariakoo."

METHOD: Tukaenda kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Jua la saa saba, ndala ya rafiki yetu ikakatika mkanda. Fundi viatu chini ya mwembe akaishona dakika tano, uzi wa nailoni, sindano ya mkunjo. Tukanywa kahawa chungu na kashata tukimsubiri.

ZUHURA: Kariakoo wote mnaijua, sitaieleza. Nataka tu kusema neno kuhusu jengo la soko. Alilibuni Beda Amuli, msanifu wetu wenyewe, na lilifunguliwa mwaka 1975. Lile paa lake kama miavuli iliyofunguka, ilikusudiwa likinge na maji ya mvua. Julai 2021 liliungua moto, na wafanyabiashara wengi walipoteza kila kitu. Mimi napenda sana kwamba pameendelezwa na miavuli imebaki. Jengo lile lingebomolewa tungepoteza jambo kubwa.

METHOD: Sisi tunaangalia paa, yeye anaangalia watu. "Pembeni! Pembeni! Mzigo!" Unasogea, anapita kijana amebeba marobota mawili ya mitumba kichwani, shingo imekaza, jasho linaingia machoni na mikono haina nafasi ya kufuta. Nyuma yake mkokoteni, umejaa majaba ya plastiki, wawili wanasukuma, mmoja anavuta. Dada yetu alisimama kwenye kibaraza cha duka la vitenge karibu nusu saa. Hakununua kitu.

ZUHURA: Na alikuja na orodha ndefu ya vitenge.

METHOD: Ndefu. Jioni tukarudi Kivukoni, tukapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, tuuone mji kutoka majini. Msikilizaji, kama una mgeni, mfanyie hilo saa kumi na mbili jioni. Simama juu, ukingoni. Unaliona kanisa la Azania Front na paa lake la vigae vyekundu, lile la Wajerumani, nyuma yake yale maghorofa ya vioo yanawaka kwa jua linalozama. Na mlango wa bandari ni mwembamba, meli kubwa ikipita unahisi inakugusa.

ZUHURA: Hapo ndipo akampigia babu yake.

METHOD: Akaweka sauti kubwa maana honi na injini zinapiga kelele. Wakasalimiana kwa Kisukuma, salamu ndefu, halafu akamweleza kwa Kiswahili ili nasi tusikie. Alimweleza yote, sanamu, maandishi, kambi. Mzee alinyamaza mpaka tukadhani simu imekatika.

ZUHURA: Mzee ana miaka karibu tisini.

METHOD: Halafu akauliza, "Kwa hiyo hapo Kariakoo umefika?" Akamjibu, "Nimefika, babu." "Pakoje?" Akafikiri kidogo, akasema, "Watu wengi, babu. Bado wanabeba mizigo." Mzee akanyamaza tena. Kisha akauliza, "Wanalipwa?"

ZUHURA: Mimi niligeuka nikatazama maji.

METHOD: Akamwambia, "Wanalipwa, babu." Mzee akasema, "Haya. Mwambie na shangazi yako."

[Muziki]