Ubao Huu Ulikuwa Hewa

Mhadhara kwa mafundi seremala na wauza makaa, Jinja

Hamjambo nyote. Wazee shikamoo. Kina mama mliofunga vibanda mapema, asanteni. Umeme umekatika, kwa hiyo picha nilizoandaa hamtaziona. Bahati nzuri nina ubao.

Ni mvule huu. Mzee, pokea, uupime kwa mkono. Mzito, siyo? Nimeuweka kwenye mizani ya duka la hapo nje: kilo 4, na umekauka kabisa. Sasa niambieni, uzito huu umetoka wapi?

Ardhini, nimesikia. Mama kule nyuma anasema maji. Hamko peke yenu. Miaka ya 1600 alikuwepo daktari mmoja wa Brussels, Jan Baptist van Helmont. Alipima udongo mkavu, kama kilo 90, akautia katika chombo, akapanda mti mchanga, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Alipopima tena, mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70. Udongo ulipungua gramu 57 hivi, kama konzi ya chumvi. Akasema basi, mti ni maji. Maji yamo kweli, lakini kitu kikubwa kilimponyoka, na muda wote kilikuwa kinampuliza usoni.

Jani lina vitundu vingi, vidogo mno kwa jicho letu. Mchana hufunguka, hewa ukaa ikaingia, ile gesi ya moshi na pumzi zetu inayoongeza joto la dunia. Humo ndani, kwa nguvu ya jua, kaboni ya hewa hiyo huunganishwa na haidrojeni ya maji ikawa sukari, na oksijeni ikatoka nje. Watoto wa sekondari hukiita kitendo hiki usanisinuru. Sukari nyingine mti huitumia wenyewe, maana nao hupumua, usiku na mchana, na hapo hewa ukaa kiasi hurudi. Inayobaki hugeuka shina, mizizi na magome. Ubao mkavu karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Kwa hiyo mzee hapo ameshika kilo 2 za kaboni, ambazo zamani zilikuwa kilo 7 na ushei za hewa ukaa angani.

Nije kwenye msitu wetu wa Mabira, hapa Uganda. Mnakumbuka mwaka 2007, mpango wa kutoa karibu robo ya msitu, hekta 7,100 hivi, ipandwe miwa. Watu walimwagika barabarani Kampala, wengine wakapoteza maisha, na mpango ukawekwa kando. Siku zile nilisikia hoja moja ambayo sikuicheka: muwa nao una majani, tena hukua haraka kuliko mvule, si utavuta hewa ukaa nyingi zaidi?

Kuvuta, unavuta sana. Ila kuvuta ni kimoja na kuweka ni kingine. Chukueni kijana wa bodaboda anayeingiza elfu hamsini kwa siku, jioni zimekwisha. Halafu mama anayepeleka elfu mbili kwenye kikundi kila siku, miaka kumi. Ukitaka mkopo utakwenda kwa nani? Muwa hukatwa baada ya mwaka na nusu hivi. Sukari tunainywa na chai, tunaitoa kwa pumzi. Makapi yanachomwa kiwandani. Kaboni imesharudi juu. Mti mkubwa wa msituni huweka miaka mia na zaidi, na chini yake udongo mweusi nao umejaa kaboni ya majani na mizizi iliyokufa.

Hata mafunjo ya mabondeni, tunayoyadharau, yakifa huzama penye maji yasiyo na oksijeni, hayaozi vizuri, yanalundikana. Ukikausha kinamasi ulime mpunga, hewa inaingia na lundo lote linaanza kuoza.

Haya, makaa. Najua mlikuwa mnangoja nifike hapa; wengine mmenikunjia uso tangu nilipoingia. Sikuja kugombana na mtu anayelisha watoto wake. Nataka tupige hesabu tu. Tanuri la udongo, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo 1 ya makaa, mbili ukiwa na fundi mzuri. Kwa hiyo kabla mteja wako hajawasha sigiri, sehemu kubwa ya kaboni ya mti ule imeshapotelea porini kwa moshi.

Mtaniambia tupande mingine. Tupande. Ila nimehudhuria siku ya kupanda miti ambapo wakubwa walipigwa picha, miche ikaachwa, na mwezi uliofuata mbuzi walikuwa wameimaliza. Mbuzi hawakualikwa, lakini ndio waliorudi.

Fundi mmoja akauliza: “Kwa hiyo nikikata mvule nikatengeneza kitanda, nimekosa?” Nikamwambia kitanda kikidumu miaka 50, kaboni yake imelala chini ya godoro miaka 50. Lakini mti mzima, ni kiasi gani kilifika kitandani? Akacheka. “Hata nusu haifiki.” Kingine ni matawi, vipande na unga wa msumeno.

Hapo muuza makaa aliyekuwa amenuna muda wote akamgeukia. “Unga huo unaupeleka wapi?” Alishawahi kuona watu wakiufinyanga kuwa mabonge ya kupikia. Fundi akasema anaumwaga nyuma ya karakana, na akataka kujua atalipwa shilingi ngapi kwa gunia. Nikauchukua ubao wangu, nikawaacha wakipatana bei.