Nimepanga Katika Kota ya Jeshi Ndani ya Hifadhi

Hamjambo ndugu zangu wa huko nyumbani. Tangu niwaonyeshe baraza ya nyumba hii, shangazi yangu wa Tanga hanipigii simu bila kuuliza ni lini nitainunua. Leo nimjibu hadharani: haiuzwi, wala hakuna jirani yangu hata mmoja anayemiliki nyumba anayolala.

Hapa ni Presidio, ncha ya kaskazini ya San Francisco, kando ya daraja la Golden Gate. Wahispania walijenga ngome hapa mwaka 1776, wakafuatiwa na Wameksiko, kisha jeshi la Marekani likakaa hadi mwaka 1994, lilipoliachia Shirika la Hifadhi za Taifa eneo lote la takriban hekta 600. Sisi tuliokua tukijua kwamba uzio wa kambi hata kuukodolea macho ni kujitafutia balaa, tunaona ajabu kidogo kupewa funguo za kota ya askari. Namba ya jengo ya enzi zile ingali ukutani, na dirisha la mbao limepakwa rangi juu ya rangi hadi halifunguki bila kusukumwa kwa bega.

Sasa tuje kwenye kodi, ambayo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliunda shirika la umma, Presidio Trust, na kuliwekea sharti kwamba ifikapo mwaka 2013 liwe linajitegemea, la sivyo ardhi ingeweza kuuzwa. Ndipo majengo yaliyoachwa na wanajeshi yakapangishwa kwa bei ya soko, na soko la San Francisco, niwaambie ukweli, halina huruma. Sheria ya jiji ya kudhibiti kodi haifiki huku, kwa kuwa ardhi ni ya serikali kuu. Kwa hiyo ninapolipa kila mwezi, ninachangia pia kufagia njia na kutunza miti, ikiwemo mikaratusi iliyopandwa na jeshi, ambayo harufu yake baada ya ukungu hunirudisha Lushoto.

Wanyama nao ni majirani. Koyote, ambaye ni kama bweha wetu, hupita barabarani asubuhi bila haraka, na msimu wa kulea watoto baadhi ya njia hufungwa kwa wenye mbwa.

Jumamosi iliyopita familia nisiyoijua ilitandika shuka kwenye nyasi, hatua kumi kutoka mlangoni pangu, ikafungua vyakula vyake na kukaa hadi jioni. Nilipomsimulia shangazi, aliuliza kwa nini sikuwafukuza. Nikamwambia kwamba zile nyasi ni zao kama zilivyo zangu. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama walau niliwapelekea chai.