Visawe vya vitenzi: mazoezi ya wiki tatu kabla ya mtihani wa kujiunga na shule

Hamjambo watazamaji. Hapa mezani tuna karatasi 8 za manila za ukubwa wa A4, mkasi, kalamu mbili za rangi tofauti na mikebe mitatu mitupu. Basi. Video hii ni ya mzazi au mwalimu wa tuisheni ambaye mtoto wake ameitwa intavyuu ya shule mpya, na karatasi ya Kiswahili ndiyo inayomtia tumbo joto. Leo ni visawe vya vitenzi tu, yaani vitenzi vyenye maana sawa. Nomino tunaziacha kwa kuwa ni nyepesi: ukishajua kandanda ni soka, umemaliza. Kitenzi hakiishi hivyo. Kinabeba nafsi, wakati na mnyambuliko (viambishi vinavyoongezwa mwishoni, kama rudi kuwa rudisha), na mizigo yote hiyo lazima ihamie kwenye kisawe.

Kabla ya kukata karatasi hata moja, uliza shule: maswali ni ya kuchagua herufi, ya kujaza pengo, au mtoto ataulizwa kwa mdomo? Kila shule ina yake.

Haya, tukate. Kunja karatasi katikati mara tatu, ukunjue, ukate kwenye mikunjo. Kila moja inatoa vipande 8, jumla 64. Utatumia 60. Nne ni za akiba, na niamini, zitahitajika. Wino utamwagika au kaka mdogo atazitafuna.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usiandike "rudi = rejea". Zile orodha ndefu za jozi zinazouzwa kwenye maduka ya fotokopi zinamfundisha mtoto kuimba. Akikutana na neno hilo ndani ya sentensi, limevaa nguo nyingine, halitambui. Upande wa mbele andika sentensi nzima, kitenzi ukipigie mstari. Upande wa nyuma andika sentensi ile ile tena, nzima, yenye kisawe kwa rangi ya pili. Kwa mfano, mbele: "Shangazi alifunga macho." Nyuma: "Shangazi alifumba macho."

Kwa nini sentensi? Tazama kitenzi kimoja tu, panda. Nitaweka kadi nne kwa pamoja muone.

Abiria walipanda kivuko Likoni. Kisawe: waliabiri.
Mgema amepanda mnazi. Kisawe: amekwea.
Shangazi amepanda mchicha. Kisawe: ameotesha.
Bei ya vitunguu imepanda sokoni Kongowea. Kisawe: imeongezeka.

Neno moja, visawe vinne, na hakuna hata kimoja kinachoweza kukaa mahali pa mwenzake. Huwezi kuabiri mnazi. Mpe mtoto kazi ya kuvichanganya makusudi: "Mgema ameotesha mnazi." Atacheka, na hapo hapo ataona kwamba maana imegeuka, mgema amekuwa mkulima. Jaribio hilo ndilo atakaloingia nalo kwenye chumba cha mtihani: chomeka neno kwenye pengo, soma sentensi kwa sauti, sikiliza kama maana imebaki pale pale.

Lile la funga nalo ulichunguze. Macho, mdomo na ngumi hufumbwa. Tundu, pengo na masikio huzibwa. Mlango hufungwa tu. Na kufa: binadamu hufariki, mbuzi hufa. Mtoto akiandika "mbuzi wetu amefariki" kwa kudhani ameandika Kiswahili cha adabu, msahihishaji atatabasamu kisha amkate alama.

Tuje kwenye mnyambuliko. Chukua kadi moja uandike ngazi hii, isomwe kutoka juu kwenda chini:

rudi, rejea
rudisha, rejesha
rudishia, rejeshea
rudishiwa, rejeshewa

Mtoto asome kila mstari ndani ya sentensi. "Amina alirudishiwa chenji." "Amina alirejeshewa chenji." Ukimsikia anasema "Amina alirejea chenji", mzizi ameupata lakini viambishi ameviacha njiani. Kosa hili ni la kawaida kuliko la kutojua neno lenyewe, na dawa yake si kuongeza msamiati. Dawa ni kurudia ngazi.

Ukanushi nao una mtego wake. Vitenzi vinavyoishia na -a hubadilika kuwa -i katika wakati uliopo, na vile vinavyoishia na i, e au u hubaki vilivyo. Kwa hiyo "hadanganyi" kisawe chake ni "halaghai", mwisho haukubadilika. Na kinyume chake: "harudi" imetulia, lakini kisawe chake ni "harejei", kwa sababu rejea inaishia na -a. Watoto wengi huandika "harejea". Chora duara jekundu hapo.

Mengine mawili ya haraka. Katika wakati wa -na-, kitenzi cha silabi moja hubaki na ku- yake, kisawe chake hakiihitaji: "anakufa", "anafariki", si "anakufariki". Na kiwakilishi cha mtendwa m- kikikutana na irabu huwa mw-: "amemtazama", "amemwangalia". Si "amemangalia".

Sasa neno kwa wenyeji. Nyumbani kwetu Mombasa mtoto anasikia teka kwa maana ya cheka, tukua kwa maana ya chukua, tinda kwa maana ya chinja. Hiyo ni Kimvita safi, wala usimkaripie. Lakini karatasi ya mtihani inasahihishwa kwa Kiswahili sanifu, ambako kuteka ni kuchota maji au kumkamata mtu kwa nguvu. Akiandika "watoto waliteka" kama kisawe cha "walicheka", amepoteza alama. (Inachekesha kidogo kwamba mkutano uliochagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1928, ulifanyika hapa hapa Mombasa.) Tengeneza kadi mbili tatu za aina hii: mbele neno la nyumbani, nyuma neno la darasani.

Ratiba. Kadi mpya 5 kwa siku, Jumatatu hadi Alhamisi. Ni 20 kwa wiki, 60 kwa wiki tatu. Dakika 20 zinatosha, mtoto akisharudi kutoka chuoni (madrasa) na kunywa chai, kabla ya magharibi. Ukimwongezea kadi ziwe 15 kwa siku, kesho yake atakumbuka nne.

Mikebe iandike 1, 2 na 3. Kadi zote mpya zinaanza kwenye mkebe wa 1, unaofunguliwa kila siku. Kadi ikijibiwa sawa inahamia mkebe wa 2, unaofunguliwa kila baada ya siku tatu. Ikijibiwa sawa tena inakwenda wa 3, unaofunguliwa Jumamosi. Ikikosewa mahali popote, inarudi wa 1, hakuna huruma. Na "sawa" maana yake ametamka sentensi nzima yenye kisawe. Akitaja neno peke yake, kadi haitoki mkebeni.

Wiki ya tatu tunaingia kwenye maswali ya kuchagua. Simamisha video mtoto asome hili:

Mwanafunzi alirudisha kitabu maktabani.
A. aliazima
B. alirejea
C. alirejesha
D. alirudufu

Afunike majibu kwa kiganja kwanza. Asome sentensi, atoe neno lake mwenyewe kichwani, ndipo afunue. Asipofunika, macho yatamvuta kwenye jibu linalofanana na swali, na hapa hilo ni D: rudufu ni kutoa nakala, haihusiani na kurudisha hata kidogo, ila herufi zake za mwanzo zinamwita. A ni neno la maktaba, lakini ni kitendo kilichotangulia. B ndiyo hatari zaidi. Ni jamaa wa jibu sahihi, ila kitabu hakikutendwa kitu, na mwanafunzi ndiye anayeonekana karudi. Jibu ni C.

Watunga maswali wanapenda mitego hii mitatu: neno lenye sauti ya kufanana, neno la mazingira yale yale, na jamaa aliyekosa kiambishi. Wakati mwingine wanaongeza neno lenye maana ya kinyume. Mwambie mtoto asikuonyeshe jibu sahihi tu, akutajie kila jibu baya ni mtego gani. Maswali 10 kwa dakika 10, mara mbili kwa wiki, yanatosha. Akimaliza kwa dakika 4, ujue hakufunika.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani hakuna kadi mpya. Fungua mkebe wa 1 peke yake, mpitie zilizobaki, mfunge.

Mwisho, zoezi la kwenu. Simamisha video, mtoto aandike kisawe cha kitenzi katika sentensi hii: "Leo wavuvi hawarudi kabla ya magharibi."

Umeandika? Leo wavuvi hawarejei kabla ya magharibi. Kama umeandika "hawarejea", toa kadi ya ngazi.