Soda Si Malipo: Msanii wa Kigoma na Hela Yake

ZAWADI: Karibuni tena. Tuko Mwanga, Kigoma mjini, mwisho wa reli. Mimi Zawadi, niko na kaka yangu Hamisi, ambaye leo kaingia studio amenuna.

HAMISI: Sijanuna, dada. Nina swali. Wakitajwa wakubwa wa Bongo Fleva, Kigoma haikosi. Mwaka 2012 wenye asili ya huku walijikusanya wakajiita Kigoma All Stars, nchi nzima ikawajua. Sasa niambie, wangapi kati yao walikuwa wanakula kwa sanaa wakiwa hapahapa?

ZAWADI: Wengi walishapanda treni zamani.

HAMISI: Ndiyo hapo sasa. Zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar ili mtu alipwe kwa kuimba.

ZAWADI: Mimi sina ugomvi na treni. Kijana akitaka kwenda aende. Shida yangu ni yule aliyebaki, maana tukisema msanii tunawaza mwenye kipaza sauti tu. Mchora maboti kule Kibirizi je? Msusi wa mikeka? Kikundi cha kaswida cha Ujiji? Wapiga ngoma wanaoitwa kila kiongozi akitua uwanja wa ndege?

HAMISI: Wanaitwa saa mbili asubuhi, mgeni anafika saa nane mchana.

ZAWADI: Halafu wanapewa soda na maji.

HAMISI: Na asante.

ZAWADI: Na asante! Ngoja nikuambie kitu, kaka. Mpishi wa shughuli ileile analipwa. Mwenye turubai analipwa, tena asipopewa advansi haleti hata kamba. Aliyekodisha viti anahesabu viti vyake na hela yake. Mpiga ngoma peke yake ndiye anaambiwa "mmependeza sana". Kwa hiyo watu wakisema wasanii wasaidiwe, mimi naanzia hapo: mlipeni kwanza kwa kazi aliyofanya, ya msaada tutaongea baadaye.

HAMISI: Lakini na wao hawasemi bei.

ZAWADI: Hawasemi kwa sababu wanaogopa kuonekana wana tamaa. Mtu ni jirani yako, harusi ni ya mtoto wa shangazi, unaanzaje kutaja hela?

HAMISI: Unataja kwa karatasi. Karatasi haioni aibu. Ukurasa mmoja tu: tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, watu wangapi, usafiri wa nani, hela kiasi gani, nusu italipwa lini. Pande zote mbili zinasaini, na shahidi. Nimeona kikundi kimoja kimefanya hivyo, na wale waliokuwa wanawaita bure wakaanza kupiga simu kwa adabu.

ZAWADI: Adabu ya kuomba punguzo.

HAMISI: Hata hilo ni hatua!

ZAWADI: Haya, tuje kwenye hela ya mkopo wa halmashauri, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iko kwenye sheria tangu 2018. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Haina riba.

HAMISI: Na haisemi popote kwamba wasanii wasiombe.

ZAWADI: Haisemi. Ila ukienda kwa afisa maendeleo ya jamii ukamwambia "sisi kikundi cha sanaa", atakuuliza biashara yenu nini. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanajibu "tunaburudisha jamii, tunaelimisha". Sawa, lakini marejesho yatatoka wapi?

HAMISI: Na ana haki ya kuuliza. Ile si sadaka, ni mkopo.

ZAWADI: Kabisa. Kwa hiyo andiko la kuomba mkopo liseme tunanunua spika, mikisa ya sauti na jenereta dogo. Kikundi kitazitumia kwenye shoo zake, siku nyingine zinakodishwa kwa mikutano na harusi. Hapo anaelewa. Au wasusi waseme tunanunua ukindu wa jumla msimu ambao bei iko chini. Sanaa haijabadilika, ila sasa hesabu inaonekana.

HAMISI: Nina wasiwasi mmoja hapo, dada. Mkopo unataka marejesho kila mwezi, na hela ya msanii haiji kila mwezi. Chukua Ujiji. Mwezi wa Ramadhani nani anapiga ngoma? Hakuna harusi, hakuna shughuli. Zikija mvua kubwa, vijiji vya mwambao hufiki. Halafu kiangazi kikiingia mnaitwa sehemu tatu Jumamosi moja.

ZAWADI: Basi semeni mapema. Mwekahazina aandike: miezi hii tunaingiza, miezi hii tumekaa. Mpeleke ratiba ya marejesho inayofuata msimu wenu kabla hamjasaini. Mkishasaini, hadithi ya Ramadhani haitawasaidia.

HAMISI: Mimi bado ningeogopa. Kikundi cha watu watano, mmoja kahamia Kasulu, mwingine kaolewa, deni linabaki kwa watatu.

ZAWADI: Ndiyo maana ya katiba ya kikundi. Watu wanainakili ya kikundi kingine, wanabadilisha jina tu. Mwanachama akiondoka anaondoka vipi? Spika inabaki kwa nani? Hayo ndiyo yanayovunja vikundi, siyo kukosa kipaji.

HAMISI: Kuna na ule Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, wa taifa. Nao unakopesha, unapitia benki. Wenyewe unakutaka uwe umesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, au Bodi ya Filamu kama ni filamu.

ZAWADI: Na usajili wa BASATA siku hizi unafanyika mtandaoni. Ukishindwa, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Huyo ofisa yupo, analipwa mshahara, na wasanii wengi wa Kigoma hawajawahi kuingia ofisini kwake.

HAMISI: Wengine wanadhani ni wa vibali vya disko.

ZAWADI: (anacheka) Nendeni mkamsalimie jamani, hata kama hamna shida.

HAMISI: Hakimiliki. Niseme haraka, maana watu wanachanganya. Wimbo wako ni wako tangu ulipoutunga na kuurekodi, siyo tangu uliposajili. Haki inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi. Mkigombana na prodyuza aliyeng'ang'ania faili lako, una karatasi ya kumwonyesha.

ZAWADI: Na wachoraji pia! Hakimiliki siyo ya muziki tu.

HAMISI: Na wachoraji, na waandishi, na wapiga picha. Halafu kuna hili ambalo kwa Kigoma naliona kubwa. Anakuja mtu na kamera, anarekodi ngoma ya Waha kijijini, anatoa elfu hamsini kwa mzee wa ngoma, anaondoka. Baadaye ile ngoma iko kwenye tangazo la biashara. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ina sehemu nzima ya sanaa za jadi: kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji kibali cha BASATA.

ZAWADI: Kwa hiyo akija mwenye kamera?

HAMISI: Muulize kibali kabla hujafunga njuga.

ZAWADI: Waandishi nao nisiwasahau. Kuna Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Kazi ni za Kiswahili, mshindi wa kwanza anapata milioni 10 na serikali inagharamia uchapishaji. Tuzo zinatolewa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Hiyo naipenda kwa sababu haikudai uwe unamjua mtu Dar. Mwalimu wa shule ya msingi Uvinza mwenye riwaya kwenye daftari anaweza kuituma.

HAMISI: Aichape kwanza kwenye kompyuta.

ZAWADI: Aichape. Na matamasha: Bagamoyo wana lao la kila mwaka tangu 1982, Zanzibar kuna Sauti za Busara. Wanapokea maombi, ila wanataka video safi inayosikika. Hapo simu ya mtu aliyesimama nyuma ya umati, vumbi na kelele, haikusaidii. Tafuteni siku moja, jua la asubuhi, ufukweni, rekodini vizuri dakika tano. Hiyo video mtaitumia miaka miwili.

HAMISI: Kuna ujumbe wa msikilizaji hapa. Anachora maboti na kuta, jina hatulitaji. Anasema mwenye nyumba ya wageni anataka amchoree ukuta mzima, sokwe wa Gombe, ziwa, machweo. Malipo: "wageni wataiona, utapata kazi". Afanyeje?

ZAWADI: Wageni wanapita Kibirizi kwenda Gombe, wataiona kweli, sikatai. Rangi nani ananunua?

HAMISI: Haijasemwa.

ZAWADI: Basi ni yeye! Mwambie ahesabu rangi, brashi, ngazi ya kukodi, siku atakazopoteza bila boti hata moja. Aandike. Akitaka kupunguza apunguze kwenye ufundi wake, kwenye rangi asipunguze hata mia. Na pembeni ya ukuta aweke jina na namba ya simu, herufi kubwa, hilo liwemo kwenye makubaliano.

HAMISI: Na vikapu vya akina mama viuzwe pale mapokezi?

ZAWADI: Akili hiyo! Aliombe hilo pia. Msikilizaji, akikubali au akikataa, tutumie ujumbe wa sauti. Wiki ijayo tuna mafundi cherehani wa vitenge, na Hamisi ataeleza kwa nini shati lake la Pasaka bado halijaisha.

HAMISI: Hilo ni la kwangu na fundi wangu, dada.