Magaga, Meno na Kola: Tunavyompima Mtu kwa Macho

REHEMA: Kaka Masanja, mteja akiingia dukani Makoroboi, hapa Mwanza, muuzaji anaanza kumtazama wapi?

MASANJA: Miguuni, dada. Akiona ndala na magaga, anajisemea huyu ni wa mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, hana kitu. Kumbe mwenye magaga anaweza kuwa na mitumbwi yake na mashine zake. Magaga ni ngozi iliyokauka kwa maji, mchanga na jua. Hayapimi mfuko.

REHEMA: Na yanatibika. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, sugua taratibu kwa jiwe, paka mafuta ya mgando kabla unyevu haujaisha, vaa soksi ulale. Usikate kwa wembe, utajitia kidonda. Mwenye kisukari aende kwanza kwa daktari.

MASANJA: Suala la meno ndilo linalonisikitisha zaidi. Mtu ana meno ya kahawia, watu wanasema mchafu, kakulia shida.

REHEMA: Wanamwonea! Ile ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji. Mtoto akinywa maji ya kisima yenye floridi nyingi kabla hajafika miaka 8 hivi, meno ya ukubwani yanaundwa tayari yana kasoro. Mswaki hauondoi rangi ile. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima Arusha, Shinyanga hata mkoani kwetu vinavyopita hapo. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza. Sasa mtu anasugua kwa mkaa na limau, anakwangua jino lenyewe! Daktari wa meno anaweza kuyafunika.

MASANJA: Uso mtupu je? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitoa picha za wanafunzi wasioonyesha hisia, watu wakisie nani katoka familia yenye pesa. Walipatia kama asilimia 53. Ukirusha sarafu unapata 50.

REHEMA: Tofauti ndogo mno, lakini nyuso zilizodhaniwa za kitajiri ndizo zilizoonekana kufaa zaidi kwa kazi ya uhasibu. Hapo ndipo mtu anaponyimwa riziki.

MASANJA: Nguo ni mbaya zaidi. Watafiti wa Princeton, Marekani, mwaka 2019 walionyesha kwamba aliyevaa kitajiri huonekana ana uwezo zaidi, hata watu wakiambiwa wasijali nguo.

REHEMA: Kwa hiyo kumwambia msaili “usiangalie nguo” hakutoshi. Maombi yasidai paspoti saizi. Mtihani wa maandishi usahihishwe kwa namba, bila jina. Kwenye usaili, maswali yawe yaleyale kwa wote, na alama ziandikwe papo hapo baada ya kila jibu. Ukingoja hadi mwisho, utakachokumbuka ni suti.

MASANJA: Na mwenye usaili kesho asingoje ofisi zibadilike. Shati la mtumba akague kola kwenye mkunjo wa shingo, ndipo panapochakaa kwanza. Ikiwa imelika, fundi cherehani anaifumua, anaigeuza upande mzima ukae nje. Akipiga pasi aanzie kwenye ncha za kola aje katikati, la sivyo mikunjo inajikusanya nchani, palepale panapoonekana.